2,147,483,647: namba iliyosemwa haina faida, leo imebeba saa na pesa zetu

Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 asubuhi kwa saa za Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, saa zilizo ndani ya kompyuta nyingi za zamani zitafika mwisho wa hesabu yao. Zitakuwa zimefikia namba 2,147,483,647. Sekunde moja baadaye, zile ambazo hazijarekebishwa zitaamini kwamba tumerudi tarehe 13 Desemba 1901, wakati inchi yetu ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Miliari mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ni namba ndefu kuisoma kwa sauti, lakini wataalamu wa hesabu wanaijua tangu zaidi ya miaka 250, na mmoja wao aliwahi kuandika kwamba namba za aina hii hazina kazi yoyote. Leo iko ndani ya simu, ndege, programu za maduka na rejista za shule. Inafaa kuijua, maana mipaka yake inaweza kutugusa hata kabla ya mwaka wa 2038.

Mshahara wa franka moja

Njia rahisi ya kuifikia namba hii ni mshahara. Tuseme bosi anakubali kukulipa hivi: tarehe 1 Januari franka moja ya Congo, tarehe 2 franka mbili, tarehe 3 franka nne, tarehe 4 franka nane. Kila siku analipa mara mbili ya jana.

Baada ya siku kumi, jumla yote uliyopata ni franka 1,023, pesa ambayo hailishi familia. Wengi wangeacha kazi hapo. Baada ya siku 20 umefika franka 1,048,575. Na jioni ya tarehe 31, ukijumlisha malipo yote ya mwezi, unapata franka 2,147,483,647 kamili. Hakuna hata franka moja inayozidi wala kupungua.

Katika lugha ya hesabu tunasema ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 31, kisha ukaondoa moja. Namba zinazojengwa namna hiyo zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mkatoliki wa Ufaransa aliyetoa orodha yake maarufu mwaka wa 1644.

Haigawanyiki

Sifa ya kwanza ya namba hii ni kwamba ni namba tasa, ile ambayo wanafunzi wetu wanaijua kwa Kifaransa kama nombre premier. Maana yake, huwezi kuigawa kwa usawa isipokuwa kwa moja au kwa yenyewe. Kama ungekuwa na maharage 2,147,483,647, hakuna namna ya kuyapanga kwenye mafungu yaliyo sawa, hata ukijaribu mafungu mawili, saba au elfu kumi. Kila mara yatabaki machache, au fungu la mwisho litapungukiwa.

Hilo si jambo la kawaida kwa namba za aina hii. Turudie mshahara wetu. Mwezi wa siku 30 unatoa jumla inayogawanyika kwa tatu. Februari ya siku 28 vile vile. Februari ya siku 29 inatoa franka 536,870,911, na hiyo ni 233 mara 1,103 mara 2,089. Katika miezi yote ya kalenda, ni ile ya siku 31 tu inayotoa namba isiyogawanyika.

Ile ya siku 29 iliwahi kumdanganya hata mtaalamu. Pietro Cataldi, Mwitaliano wa mji wa Bologna, alithibitisha mwaka wa 1588 kwamba zile za 17 na 19 ni tasa, yaani 131,071 na 524,287. Kisha akadai kwamba zile za 23, 29, 31 na 37 nazo ni tasa. Kati ya hizo nne alipatia moja tu, ile ya 31, na hata hiyo hakuithibitisha.

Mzee aliyekuwa karibu kipofu

Uthibitisho ulikuja karibu miaka mia mbili baadaye, kutoka kwa Leonhard Euler. Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka wa 1707, na wakati huo alikuwa akiishi Saint Petersburg, Urusi. Jicho moja lilikuwa limekufa tangu ujana wake, na la pili lilikuwa likifunga. Mwaka wa 1772 alieleza matokeo yake ndani ya barua aliyomwandikia mwenzake Bernoulli.

Namna gani mtu asiyeona vizuri, bila mashine, anaweza kuhakikisha kwamba miliari mbili na zaidi hazigawanyiki? Kwanza, hakuna haja ya kujaribu namba zote. Kama namba inagawanyika, mmoja wa wagawaji wake hauwezi kuzidi kipeo chake cha pili, na hapa kipeo hicho ni 46,340 na kidogo. Tayari kazi imepungua sana, ijapokuwa zinabaki namba tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu.

Euler alijua kitu kingine. Wagawaji wa namba za Mersenne hawaji ovyo ovyo, wanafuata sheria. Tazama mfano mdogo: mbili iliyozidishwa mara 11, ukiondoa moja, ni 2,047. Hiyo ni 23 mara 89. Sasa gawa 23 kwa 22, inabaki moja. Gawa 89 kwa 22, inabaki moja tena. Hiyo 22 ni 11 mara mbili. Kwa namba yetu ya 31, kila mgawaji lazima abakize moja ukimgawa kwa 62. Euler akaongeza sheria ya pili, akabaki na wale tu ambao, ukiwagawa kwa 248, wanabakiza moja au 63.

Ukihesabu wote hao mpaka 46,340, unapata 373 tu. Na wengi kati ya hao unaweza kuwaondoa mara moja, maana wenyewe si tasa. Kazi ambayo ingechukua miezi ikawa kazi ya mtu mvumilivu. Euler aliwamaliza, na hakuna hata mmoja aliyeigawa namba hiyo. Kwa miongo mingi ikabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa duniani.

Ndugu yake mkamilifu

Sifa ya pili inatokana na ya kwanza. Tangu wakati wa Wagiriki wa kale, kuna namba zinazoitwa kamilifu. Sita ni mfano: inagawanyika kwa moja, mbili na tatu, na ukijumlisha hizo tatu unarudi kwenye sita. Ya pili ni 28: moja, mbili, nne, saba na 14 zinatoa 28.

Mgiriki Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu moja. Unachukua jumla ya mshahara wa mwezi, unaizidisha na malipo ya siku ya mwisho. Kwa mwezi wetu wa siku 31 ni 2,147,483,647 mara 1,073,741,824. Jibu ni 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu ya nane.

Mwaka wa 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba hiyo ya tarakimu 19. Kwa maoni yake, hiyo ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Alikosea mara mbili. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha namba ya Mersenne ya 127, yenye tarakimu 39, bila kompyuta. Na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Mmarekani Luke Durant amepata namba ya Mersenne ya 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Ni ya 52 kati ya zile zinazojulikana. Aliipata kupitia GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka wa 1996, ambapo kompyuta za watu wengi duniani zinagawana kazi ya kutafuta.

Kosa la pili la Barlow, lile la kusema hazina faida, ndilo linalotuhusu zaidi.

Namna ilivyoingia ndani ya mashine

Kompyuta haihesabu kwa vidole kumi kama sisi. Inatumia vijumba vidogo, kila kimoja kina sifuri au moja, sawa na taa iliyozimwa au kuwashwa. Kwa miaka mingi mashine nyingi zilihifadhi namba nzima katika vijumba 32. Kijumba kimoja kinasema kama namba ni chanya au hasi, yaani kama una pesa au una deni. Vinabaki 31.

Hapo ndipo mshahara wetu unarudi. Kijumba cha kwanza kina thamani ya moja, cha pili mbili, cha tatu nne, mpaka cha 31. Taa zote 31 zikiwaka, jumla ni 2,147,483,647. Mashine imejaa. Ukiongeza moja, taa hizo 31 zinazima na ile ya alama inawaka. Kompyuta inasoma 2,147,483,648 chini ya sifuri. Ni sawa na namba za kilomita kwenye pikipiki ya zamani, zinazofika 99,999 kisha kurudi 00000. Tofauti ni kwamba pikipiki inarudi sifuri, na kompyuta inaanguka mpaka shimoni.

Mashine yenyewe haijali kama namba hiyo ni tasa. Ni bahati tu kwamba 32 ukiondoa moja ni 31. Mashine za vijumba 16 zinaishia 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Zile za vijumba 64, za kisasa, zinaishia kwenye namba ya tarakimu 19 inayogawanyika kwa saba.

Lakini kuna kazi moja ambapo utasa wake unasaidia kweli. Michezo ya kompyuta na majaribio ya kisayansi yanahitaji namba za kubahatisha. Njia moja, iliyopendekezwa na Wamarekani Park na Miller mwaka wa 1988, inaanza na namba yoyote, inaizidisha na 16,807, inagawa kwa 2,147,483,647 na kuchukua kile kinachobaki. Kwa sababu mgawaji huyo ni tasa na kizidishi kimechaguliwa vizuri, mashine inapita kwenye namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja.

Pale ilipokwisha kugonga ukuta

Mwezi wa Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba video ya wimbo Gangnam Style, wa mwimbaji Psy wa Korea Kusini, imetazamwa mara nyingi kuliko ambavyo kaunta yake iliwahi kufikiriwa kubeba. Kikomo kilikuwa 2,147,483,647. Kampuni ilihamia kwenye vijumba 64.

Mwaka wa 2015 jambo lilikuwa zito zaidi. FAA, idara ya Marekani inayosimamia usalama wa ndege, iliamuru kwamba ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wote kila baada ya muda fulani. Ilikuwa imegunduliwa katika majaribio kwamba ndege ikikaa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248, kaunta iliyo ndani ya vifaa vinavyoongoza jenereta inajaa, na ndege inaweza kupoteza umeme wake, hata ikiwa angani. Fanya hesabu: sekunde moja ina sehemu mia. Sehemu 2,147,483,647 za namna hiyo ni siku 248 na nusu.

Na mwezi wa Mei 2006, programu moja ya kuendesha tovuti iitwayo AOLserver ilianza kusumbua bila mtu kugusa kitu. Waliokuwa wameipangia isubiri sekunde miliari moja, kwa maana ya kusubiri bila mwisho, waligundua kwamba sekunde miliari moja kutoka siku hiyo zinavuka Januari 2038. Mashine iligonga mwaka wa 2038 miaka 32 kabla haujafika.

Kwa nini 2038

Kompyuta nyingi zinajua tarehe kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache. Mtu angeanza kuhesabu moja kwa sekunde akiwa mtoto mchanga, bila kulala wala kula, angemaliza akiwa mzee. Kwa saa ya kompyuta, siku hiyo ya kumaliza ni 19 Januari 2038.

Dawa inajulikana: kutumia vijumba 64 badala ya 32. Hapo saa inaweza kwenda zaidi ya miaka miliari 290. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za intaneti na ulio pia ndani ya simu za Android, ulikamilisha mwaka wa 2020 marekebisho yanayoruhusu hata mashine zake za vijumba 32 kuvuka tarehe hiyo. Na tangu Agosti 2019, duka la programu la Google linadai kwamba programu mpya ziwe na toleo la vijumba 64.

Kwa hiyo simu mpya si tatizo kubwa. Tatizo ni vitu vinavyokaa muda mrefu bila mtu kuvifungua: vifaa vya intaneti, mashine za maabara, kamera za ulinzi, kompyuta zilizonunuliwa okazyo, na programu ambazo fundi aliziandika zamani kisha akahama mji. Kwetu, ambapo kifaa kinatengenezwa mpaka kinakataa kabisa, vitu hivyo ni vingi.

Franka zinajaa haraka kuliko dola

Kuna upande mwingine unaotugusa zaidi kuliko Wamarekani. Duka linalohesabu kwa dola haliwezi kufikia miliari mbili. Lakini kwa franka? Tuchukue mfano wa dola moja kwa franka 2,800. Namba yetu inakuwa karibu dola 767,000. Hospitali, kampuni au depo kubwa inaweza kufikia hapo katika jumla ya mwaka.

Na kama fundi aliyeandika programu alipanga kuhifadhi pesa kwa santimu, kama wanavyofanya wengi kwa dola na yuro, kikomo kinashuka mpaka franka 21,474,836 na santimu 47. Hiyo ni karibu dola 7,670. Mfanyabiashara wa jumla anaweza kuvuka hapo siku moja, na programu mbaya itaonyesha kwamba amelala na deni.

Wazee wetu hawashangai kusikia habari ya sarafu inayoshinda mashine. Wanakumbuka noti ya zaire milioni tano mwanzoni mwa mwaka wa 1993, iliyokuwa na thamani ya dola chache tu. Noti 430 za namna hiyo zilitosha kuvuka 2,147,483,647. Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali iliondoa zaire hizo, milioni tatu zikawa zaire mpya moja. Na mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Sufuri zilikatwa kwa amri. Ndani ya kompyuta hakuna amri ya namna hiyo, lazima mtu afungue programu na kuirekebisha.

Maswali ya kuuliza leo

Usijaribu kupeleka tarehe ya simu yako mpaka mwaka wa 2038 kusudi uone kitakachotokea. Kuna simu ambazo ziliwahi kukwama kabisa kwa sababu ya kuchezewa tarehe. Lakini shule, kituo cha afya, kooperative au duka lolote lenye programu yake linaweza kumuuliza fundi maswali matatu.

La kwanza: tarehe zinahifadhiwa katika vijumba vingapi? La pili: kiasi gani cha franka ndicho kikubwa kuliko vyote ambacho programu inaweza kuandika, na je, inahesabu kwa franka au kwa santimu? La tatu: mtoto aliyezaliwa mwaka wa 2021 atafikisha miaka 18 mwaka gani?

Swali hilo la mwisho lina jibu ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi analijua: 2039. Programu inayojibu 1903 au inayogoma imekwisha kufika kwenye ukuta ambao Euler aliupima mwaka wa 1772, na fundi wake ana kazi ya kufanya kuanzia leo.